Ngoma ya Jairo Iliyopanda Ibaba

Tunduma,
16 Juni 2024

Mpendwa shemeji Yesaya,

Bwana asifiwe. Nakuandikia nikiwa mzima, na watoto pia ni wazima. Brenda yuko kwake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtoto wake ameota meno na sasa anamng'ata kila anayempa kidole. Brian bado anapakia mizigo kule kwenye malori. Amekonda kidogo lakini anakula vizuri, kwa hiyo sina wasiwasi. Viazi mlivyotuma vimefika vyote. Nilimpikia Zabron hapo hapo kabla hajageuza gari, akasema viazi vya Ibaba vikichemshwa vinapasuka kama vinacheka. Hayo yalikuwa maneno ya kaka yako Jairo. Nikajua aliyasikia kwake njiani. Mwambie mkeo Tumpale asante sana, na dagaa zake za kapenta nimezifunga kwenye mfuko ambao Zabron atauleta pamoja na barua hii.

Ungeweza kuuliza kwa nini sikupigii simu. Simu yako inashika ukipanda kilimani tu, na ukipanda kuna upepo, tunaishia kuulizana kama tunasikiana. Halafu ninyi wawili mlizoea barua. Jairo alikuwa akimaliza kukuandikia ananisomea, nami nacheka mnavyotaniana. Basi naandika kama yeye, ila mkono wangu si mzuri kama wake. Mimi niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeandika majina ya wateja tu.

Habari kubwa najua uliisikia. Mpakani Stars wamepanda daraja. Jairo aliisubiri siku hiyo tangu hajanioa. Kila ligi ikikaribia kuanza alikuwa anaosha ile jezi yake ya kijani, anaianika mahali watu wanapopita, ananiambia, "Mwaka huu, Mama Brenda." Walikuwa wanafungwa, anaikunja, anaiweka. Mwaka unaofuata anaiosha tena. Sijawahi kuona mtu mwenye subira ya namna ile, na haikuwa subira ya huzuni. Tulimzika Februari, wao wakapanda Mei. Siku hiyo walizunguka mjini na gari la wazi wakipiga madumu ya maji, na walipofika mbele ya nyumba yetu wakanyamaza wote. Nikatoka, nikawapungia mkono. Ndipo wakaendelea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nalizunguka.

Juzi alikuja Barnaba, yule mwenyekiti wa mashabiki mwenye miwani. Alikaa sana. Akasifia chai, akasifia banda la kuku, akauliza habari za paa. Nikaona ana neno. Mwisho akaniambia kuwa ile ngoma ya uwanjani haikuwa ya Jairo. Ni ya mashabiki. Waliichangia zamani wakamkabidhi yeye kwa kuwa ndiye aliyejua kuipiga, ikakaa chumbani kwetu miaka yote, nami nikaizoea kama kabati. Siku ya kugawa vitu, wazee wa ukoo wenu walipotandika mkeka na kuweka koti, jembe, redio na baiskeli, mtu akaingia chumbani akaitoa na ngoma, ukapewa wewe. Mimi nilikuwa nimekaa chini ndani pamoja na wajane wenzangu, sikuona. Barnaba na wenzake walikuwa nje, waliona. Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Akanijibu, "Mama, msibani mtu hadai."

Wao ndio waliokusaidia kuifunga juu ya keria ya gari, kama unakumbuka. Gari lilipoondoka walivua kofia. Wewe ulidhani wanamuaga Jairo. Kumbe walikuwa wanaiaga na ngoma.

Ligi inaanza Novemba, na wanaiomba irudi kabla ya mechi ya kwanza. Nimewaahidi kuwa nitakuuliza. Sijui kama niliahidi vizuri. Ukoo ulikupa mbele za watu, na kumwambia mtu arudishe alichorithi kwa kaka yake si neno la shemeji kulisema. Lakini nimelisema. Ukinikasirikia nitaelewa.

Mimi shemeji yako,
Nesta


Ibaba,
21 Julai 2024

Kwako Mama Brenda,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Asubuhi majani yanakuwa meupe, na Tumpale anasema hatoi mkono nje ya blanketi mpaka jua limfuate mlangoni. Kapenta zako zilikuwa nzuri mno. Majirani walikuwa wanakuja "kutusalimia" saa ya chakula tu, mpaka zikaisha, na salamu zikaisha. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Gari la Zabron lilikatika springi likakaa Isongole siku nyingi likisubiri fundi.

Mahindi tumevuna, si haba. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike mwenye alama nyeupe kwenye paji, ana mbio, kila siku tunamtafuta kwenye viazi vya watu. Tumpale anampa uji wa pumba kwa mkono. Mimi ninasema anamdekeza, yeye anasema nimwache.

Nimefurahi sana kwa habari ya Mpakani Stars. Nilisikia siku ile ile. Nikamkumbuka kaka tulivyokuwa wadogo. Unajua kuwa kaka hakujua kucheza mpira hata kidogo? Labda hakukuambia. Tulikuwa tunachunga pale juu kilimani, tunafunga matambara kwa kamba za migomba, tunacheza mpaka ng'ombe wanapotea. Kaka akipiga mpira unakwenda nyuma yake. Lakini pande zote mbili zilikuwa zinamgombania. Hawakutaka acheze, walitaka akae pembeni yao aseme. Alikuwa anaweza kumsifu mtu aliyekosa goli mpaka yule mtu akaona aibu kukosa tena.

Siku moja vijana wa ng'ambo ya mto walitufunga vibaya, nikakaa chini nikalia. Kaka akanijia akaniambia, "Simama. Wakikuona umekaa watadhani mchezo umekwisha." Mchezo ulikuwa umekwisha kweli, jua lilikuwa limezama. Nikasimama tu.

Kuhusu lile ulilouliza, vitu vya marehemu viko salama. Havijalowa wala kuguswa na panya. Tutaongea.

Salamu kwa Brian, aangalie mgongo wake na hiyo mizigo.

Yesaya


Tunduma,
11 Agosti 2024

Mpendwa shemeji,

Amani iwe nanyi. Sisi hatujambo. Nimefurahi kusikia habari za ndama, ingawa nimeona umemwandikia ndama mistari mingi na ngoma mistari miwili. Jairo angekutania wewe hapo. Mimi naishia hapa.

Barua yako nilimsomea Brian. Alicheka sana kusikia baba yake hakujua kucheza. Anasema baba alimwambia kuwa aliacha mpira kwa sababu ya goti. Sasa hatujui ni goti gani.

Barnaba hanisukumi. Akipita sokoni ananunua kapenta kwangu, wakati mkewe naye anauza kapenta. Ananiuliza hali yako na baridi ya huko kwenu Ileje, haulizi ngoma. Ndiyo maana najua anaiwaza. Wenzake wamepata spika kubwa ya kutundika kwenye mti. Jumamosi iliyopita walicheza mechi ya kirafiki na vijana wa Nakonde, nikaisikia spika nikiwa nyumbani. Ina sauti kuliko ngoma, hilo lazima niseme. Lakini wakifungwa wanaizima.

Nikuambie jambo ambalo labda hujui, kwa kuwa hukuwahi kuja uwanjani, nami kusema kweli sikuwa naenda. Mimi mechi zote nilizisikia. Meza yangu iko nyuma ya soko, na kutoka pale uwanja hauonekani ila ngoma inafika. Wakifunga goli, mapigo yanakimbizana mpaka unaona kama atadondoka. Mpira ukiisha wameshinda, anapiga polepole akitembea, na hayo mapigo yanasogea yakija nyumbani. Nikiyasikia yamefika kwa fundi baiskeli, nafunga meza, nakimbilia kuweka maji ya ugali. Akiingia maji yanachemka. Hakuwahi kujua kwa nini kila siku anayakuta yanachemka. Alikuwa anasema nina bahati na moto.

Lakini pigo nililolipenda mimi lilikuwa la kufungwa. Kila goli lililoingia kwetu, kabla hata wapinzani hawajamaliza kukumbatiana, alikuwa anapiga mara moja tu. Pigo zito, halafu kimya. Zamani nilidhani ni hasira. Nikamuuliza, akashangaa kuwa nimelisikia mpaka sokoni. Akaniambia, "Ni kuwaambia tupo." Basi. Akaendelea kula.

Nimekuwa nikifikiri shemeji kuwa mtu anaweza kusifiwa kwa mambo makubwa, na mimi wa kwangu namsifia hilo pigo moja.

Ligi inakaribia. Nakuomba uniambie neno, hata kama ni hapana.

Nesta


Ibaba,
29 Septemba 2024

Mama Brenda,

Tuko wazima, namshukuru Mungu. Nimekuandikia mara mbili nikazichana. Tumpale amesema nikiichana na hii ataandika yeye, na yeye hafichi kitu, kwa hiyo afadhali niandike mimi.

Uliandika kuwa uliizoea ngoma kama kabati. Huku haijakaa kama kabati.

Niliporudi kutoka msibani, Jumamosi ya kwanza nilikaa ndani nikaona siwezi. Nikachukua ile redio ya kaka niliyopewa, nikapanda kilimani pale tulipokuwa tunachunga, ndipo redio ya mkoa inaposhika. Nilijua Mpakani Stars wanacheza. Mimi sikuwa shabiki, wewe unajua, nilikuwa shabiki wa kaka. Nilitaka tu kusikiliza alichokuwa akisikiliza. Na ngoma nikaibeba. Usiniulize kwa nini. Kuiacha ndani niliona kama kumwacha mgeni peke yake.

Wakafunga goli. Nikapiga, kama nilivyomwona akiwapigia watoto sikukuu akija huku. Chini bondeni watu walikuwa wanang'oa maharage. Nikaona migongo inanyooka, mmoja mmoja, wanatazama juu. Kesho yake kanisani wakaniuliza ni nini kile. Nikawaambia ni goli la timu ya kaka yangu. Jumamosi iliyofuata wakawa wananiuliza tangu asubuhi kama tunacheza. Walisema "tunacheza", Mama Brenda.

Sasa ni bonde zima. Vijana hapa wanagombana Simba na Yanga kama kila mahali, lakini ngoma hii sijaipigia timu hizo hata mara moja, na hawajaniomba. Yuko Bibi Gwalugano, mzee sana, nyumba yake iko chini kabisa kwenye migomba. Mpira hajawahi kuuona. Siku ya mechi anamfunga mbuzi wake karibu na njia, apate sababu ya kukaa nje. Akinikuta ananiuliza, "Watoto wetu wanaendeleaje?" Anadhani ni watoto wa ukoo wetu wako Tunduma wanateseka na watu. Nimeacha kumrekebisha. Ile siku ya kupanda daraja nilipiga mpaka vidole vikavimba, na ng'ambo ya bonde mtu akanijibu kwa debe. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

Tukifungwa nilikuwa nakaa kimya. Sikujua lile pigo. Watu walikuwa wanasubiri chini kule hawajui kama tumefungwa au nimekwenda nyumbani. Sasa nimelijua kutoka kwako, na limeniuma kwamba kaka hakuwahi kuniambia, kisha nikaona alikwisha kuniambia zamani, nilipokuwa nimekaa chini nalia.

Kwa hiyo sikatai. Kama ni ya mashabiki, ni yao, na nimeona aibu kwamba wao ndio walionisaidia kuifunga. Lakini nikiishusha, Jumamosi watu watanyoosha migongo wakute kilima kimenyamaza. Watasema na Jairo sasa amekwisha kabisa. Nami sitajua pa kuiweka mikono yangu.

Hilo ndilo nililokuwa nalificha nyuma ya ndama.

Yesaya


Tunduma,
13 Oktoba 2024

Mpendwa shemeji Yesaya,

Salamu nyingi kwa Tumpale, mwambie alifanya vizuri kukutisha.

Iache huko. Nimeisoma barua yako sokoni, nikaisoma tena nyumbani. Mimi najua mtu anayesubiri ngoma akiwa na kazi mikononi anakuwaje. Nilikuwa nadhani niko peke yangu, kumbe liko bonde zima la akina mimi. Siwezi kuwa mtu wa kuwanyamazisha.

Nilimsomea Barnaba sehemu ya kilima na ya Bibi Gwalugano. Alivua miwani akaifuta kwa shati muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe tuna tawi Ibaba na hatukujua. Mwambie mwenyekiti mwenzangu hajaleta majina ya wanachama." Tulicheka. Alipofika mlangoni akasema taratibu kuwa ngoma ibaki, spika itatosha. Hakunitazama aliposema.

Timu inajiandaa vizuri. Wamempata kipa mrefu kutoka upande wa Iyula, anadaka kwa mikono kama anapokea mtoto. Barnaba anasema mwaka huu shabaha ni kutoshuka, na mwakani ndipo waanze kutafuta cha juu. Anahesabu kama Jairo, kwa mwakani na mwakani. Nami nimejikuta naweka matumaini, mimi ambaye sijui hata nani anacheza wapi.

Sasa mimi pia nitoe langu. Tangu tumzike sijapita barabara ya uwanjani. Nikienda sokoni nazungukia kwenye malori. Watu wanadhani nakwepa vumbi, na kule kwenye malori ndiko kuna vumbi zaidi. Mashabiki wamemwekea Jairo nafasi yake pale juu ya tuta, hakuna anayeikalia. Wameniomba nikae mimi siku ya kwanza. Nimesema nitaona, lakini najua sitaweza. Ni Jumamosi tarehe 23 Novemba. Njoo wewe ukae pale, bila ngoma, mikono mitupu. Ukoo uwe na mtu. Nitakutandikia kitanda cha Brian.

Nesta


Tunduma,
26 Novemba 2024

Mpendwa shemeji,

Natumaini umefika salama na mvua haikukukamata baada ya Isongole. Umeondoka jana, na leo naandika, kwa sababu yapo niliyoshindwa kukuambia nikikutazama.

Hukujibu barua yangu ya Oktoba. Nilisubiri, Zabron akawa anakuja mikono mitupu, anasema barabara mbaya. Nikaamini barabara, kisha nikaamini kuwa huji. Jumamosi nikafungua meza yangu kama siku zote. Nikamwambia Dina wa meza ya pili kuwa leo kuna mpira, biashara itakuwa ndogo. Akaniangalia, akaendelea kupanga vitu vyake.

Nilikuwa nampimia kapenta mama mmoja wa Nakonde. Ndipo nikaisikia.

Mkono wangu ulisimama na kikombe hewani. Yule mama akaniuliza, "Bamayo, mama, kuna nini?" Unajua nilifikiri nini, shemeji? Nilifikiri, maji, sijaweka maji ya ugali. Hilo ndilo lililokuja kwanza. La pili likaja baadaye, kwamba hakuna wa kumwekea maji. Dina akaninyang'anya kikombe akaniambia, "Nenda, mama. Hii kapenta najua kuiuza."

Nikaenda. Sikuzunguka. Nilipita kwa fundi baiskeli, nikapita ile njia nzima, na ngoma ikawa inakua badala ya kuja. Sikuwahi kuisikia hivyo, maana miaka yote ilikuwa inanifuata mimi.

Wewe ulikuwa umewapa watu mgongo, hukuniona nikifika. Ulikuwa umevaa koti lake. Sikujua umekuja nalo. Ilibidi nishike bega la mtu nisiyemjua. Barnaba akaniona, akasogeza watu bila kusema, akanionyesha ile nafasi. Nikakaa. Nilikuwa nyuma yako karibu kabisa kuweza kulishika koti, na sikulishika.

Wakafunga wapinzani. Spika wakaizima. Uwanja mzima ukawa kimya, na watu wakageuka kukutazama, hata baadhi ya wachezaji. Nikaona mkono wako umeinuka ukakaa juu. Nikajua umesahau au umeogopa. Nami sijawahi kusema kitu uwanjani maishani mwangu. Nikasema, "Waambie tupo."

Ukapiga. Sijui kama ulinisikia, watu walikuwa wengi. Yule kipa wa Iyula alikuwa bado amelala kwenye nyasi. Akainua glovu moja, akaamka.

Tulifungwa, najua. Njiani wewe ulikuwa na huzuni na Barnaba alikuwa na huzuni, mimi nilikuwa natembea katikati yenu nikiona haya kwa kuwa nilikuwa na furaha. Timu imecheza. Mpaka mwisho walikuwa wanakimbia. Jairo angerudi nyumbani akizisifu hizo mbio tu, na angeiosha jezi. Nimeiosha mimi, shemeji. Iko kwenye kamba, upande wa barabarani.

Lakini jambo moja ulilikwepa siku zote mbili. Ulimkabidhi Barnaba ngoma mbele ya watu, ukasema imerudi kwa wenyewe, ukala, ukalala, ukaondoka. Nilipokuuliza bonde litasikia nini ulinionyesha mawingu ukasema mvua inakuja. Nilikuambia iache huko. Kwa nini uliileta? Niandikie.

Nesta


Ibaba,
15 Desemba 2024

Kwako Mama Brenda,

Salamu za Krismasi mapema, nikichelewa zitakuwa za mwaka mpya. Tumpale anakushukuru kwa kitenge, amekwisha kuvaa kanisani. Ndama amekuwa mkubwa, na ninamtaja mara hii moja tu.

Kwanza, nilikusikia. Mkono ulikuwa umekataa kabisa. Nilikuwa natazama watu wengi namna ile na nikafikiri, mimi ni nani hapa. Ndipo ukasema nyuma yangu. Bila hivyo nisingepiga.

Sasa nikujibu. Barua yako ya kusema niiache ilinifikia, nikafurahi, nikaichukua kanisani. Baada ya ibada nikawaeleza watu kila kitu, kuwa ngoma si yetu, kuwa wenyewe wameiacha kwa hiari, kwa hiyo watulie. Wakapiga makofi. Bibi Gwalugano hakupiga. Akauliza, "Hao watoto, sasa hivi wanachezea nini?" Nikamwambia kuna spika. Akauliza kama spika inawapigia wakizidiwa. Nikasema hapana, inazimwa. Akanitazama mpaka nikainama. Akasema, "Sisi huku tumekaa salama tunapigiwa, wao walioko kwenye mateso hawana kitu? Peleka, baba."

Hakuna aliyempinga. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa sijajua kama nitaweza mpaka nilipoifunga juu ya keria. Mara hii waliovua kofia walikuwa watu wa huku.

Watu wa huku wametafuta gogo la mti wa mringaringa, fundi wa Isongole akachonga ngoma mpya. Ngozi ya kuwamba ilitoka kwa Bibi Gwalugano. Ni ya yule mbuzi wake wa njiani. Nilimkatalia, akasema yeye sasa hahitaji sababu ya kukaa nje.

Jana tulicheza ugenini. Nilipanda na redio, na ngoma mpya. Ni ndogo, ngozi bado mbichi, sauti yake nyembamba, nikaona aibu kuipiga. Wenyeji wakatufunga mapema. Nikapiga mara moja, kama kaka. Bondeni migongo ikanyooka. Kisha ng'ambo, yule wa debe, ambaye sijui ni nani, naye akapiga mara moja.

Tulirudisha goli kipindi cha pili, sare, najua umekwisha kusikia. Nilipokuwa nashuka walikuwa wamesimama njiani wananisubiri. Bibi Gwalugano akasema hii si ile, sauti anaijua.

Nikamwambia ile kubwa imerudi kazini. Hii ni mdogo wake, na bado anajifunza.

Shemeji yako,
Yesaya